Ufunguo Ukiachwa Mlangoni: Waya wa Shilingi 80 au Kitasa cha 2,500?

Usiku wa leo kabla hujalala, fanya jaribio moja dogo. Chomoa ufunguo kwenye mlango wa mbele, zima taa ya ndani, uiname utazame kwenye tundu la kitasa. Ukiona mwanga wa balbu ya koridoni, makala haya yanakuhusu moja kwa moja. Usipouona, huenda kitasa chako ni cha silinda, nacho kina hatari yake ambayo tutaifikia.

Nyumba nyingi za kupanga, kuanzia Kimbo na Kihunguro upande wa Ruiru hadi Makongeni na Kiganjo upande wa Thika, zina mlango wa chuma wenye kitasa cha leva. Ufunguo wake ni mrefu, shina lake ni la mviringo, meno yako mwishoni, na tundu linapenya mlango kutoka nje hadi ndani. Usiku tunafunga, tunauacha ufunguo humo humo, tunalala.

Tunaouacha hapo tuna sababu mbili nzuri. Kwanza, ufunguo uliokaa ndani ya tundu unazuia mwingine kuingizwa kutoka nje. Hilo si jambo dogo kwetu. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa Novemba 2012, nyumba za kupanga ziliota pande zote mbili za lami. Katika sensa ya 2019, mji wa Ruiru ulihesabiwa watu 490,120, wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na watu 251,407. Watu wanahamia na kuhama, na ufunguo unapita mikono mingi: aliyehama, keateka wa zamani, fundi wa rangi, shemeji aliyewahi kulala kochini. Kuchonga nakala ni kazi ya dakika chache. Hujui ni nani ana wa kwako.

Sababu ya pili ni moto. Nyumba ikishika moto saa tisa za usiku, ufunguo ulio mlangoni unaokoa maisha. Ulio kwenye mfuko wa suruali chumbani hauna faida.

Tatizo ni kwamba ufunguo huo huo unaweza kuchezewa na aliye nje. Anaweza kuusukuma kwa waya ukaanguka juu ya karatasi aliyoipitisha chini ya mlango, kisha akaivuta karatasi. Anaweza kuikamata ncha yake kwa koleo nyembamba na kuuzungusha. Na kama mlango wako una vioo, kama ilivyo milango mingi ya chuma, anaweza kuvunja kioo kimoja, akapenyeza mkono na kufungua kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo swali ni hili: utauachaje ufunguo mahali pake bila kumwachia mwizi? Nimelinganisha njia zinazopatikana katika maduka ya hadiwea na kwa mafundi wa miji hii miwili. Bei ni za makadirio. Chapa na ukubwa huzibadilisha, na asiyeuliza duka la pili hulipa zaidi.

Njia isiyogharimu kitu

Ukishafunga, usiuache ufunguo umesimama wima. Uzungushe robo, ulale. Meno yakishahama kwenye njia yaliyoingilia, ufunguo hausukumiki nje, kwa sababu yamenaswa nyuma ya bati la kitasa. Hii inaua ujanja wa waya na karatasi. Haizuii koleo, wala haizuii mkono uliopita kwenye kioo. Hata hivyo ni bure, na unaweza kuanza leo.

Waya wa kushika ufunguo: shilingi 50 hadi 100

Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Ni kipande cha waya mgumu kinachopita kwenye tundu la kichwa cha ufunguo, kisha ncha zake mbili zinapanda, moja kila upande, na kujipinda kama ndoano juu ya shingo ya hendeli. Mtu akijaribu kuuzungusha ufunguo, waya unagonga shingo ya hendeli na kukataa. Akiusukuma, unabaki ukining'inia kwenye waya na hauanguki sakafuni.

Wangu ulitengenezwa na fundi wa kuchomelea, jua kali, Makongeni. Nilimwendea na ufunguo wenyewe, pamoja na kipande cha kamba nilichokuwa nimepimia umbali kutoka hendeli hadi tundu.

"Umefanya vizuri kuja na kamba, mama," aliniambia. "Wengi huja na maneno tu, halafu waya unakuwa mfupi."

Aliokota fito ya kuchomelea ya geji 10, akaigonga kwa nyundo mpaka ganda lake la kijivu likapukutika na kuacha chuma kitupu cha milimita 3.2. Akaibana kwenye jiliwa, akaikunja mara mbili, akapinda ncha, akazipiga tupa zisikwaruze mkono. Dakika kumi, shilingi 80.

Ukiagiza wako, kagua mambo matatu. Waya uwe mgumu kiasi kwamba vidole vyako haviwezi kuukunja. Usilegee kwenye tundu la ufunguo, kwa sababu ulegevu unampa mwizi nafasi ya kuzungusha. Na mikono yake isiwe mirefu kupita umbali uliopima, la sivyo ndoano itaning'inia hewani bila kukaba kitu. Kama hendeli yako ni ya duara isiyo na shingo, kifaa hiki hakikufai.

Udhaifu wake ni kioo. Mkono uliokwisha kuingia ndani unaweza kuuondoa waya kama unavyouondoa wewe. Tena ni kinga ya usiku tu. Ukienda kazini, waya unabaki ndani na mlango unategemea kitasa peke yake.

Komeo la ndani: shilingi 150 hadi 350, na kazi ya fundi 200 hadi 300

Hili ni wazo la kale katika pwani yetu. Milango ya mbao iliyochongwa ya Lamu na Zanzibar ilifungwa usiku kwa ndani, mahali ambapo mtu wa nje hana tundu la kuchokonoa. Komeo la kisasa linafuata kanuni hiyo hiyo. Halina ufunguo wala tundu, na nakala haiwezi kuchongwa.

Kwa mlango wa chuma, komeo lichomelewe. Kwa mlango wa mbao, skrubu ziingie kwenye mbao nene ya fremu, maana skrubu fupi hung'oka kwa teke moja. Liweke juu, mbali na kioo, kiasi kwamba mkono uliopenyezwa haulifikii, lakini mtoto mkubwa wa nyumba analifikia. Kosa ninaloliona sana ni komeo kuwekwa karibu kabisa na kioo. Hapo umempunguzia mgeni kazi.

Kitasa kipya cha leva: shilingi 1,200 hadi 3,500

Ukihamia nyumba ambayo wengine wameishi, hii ndiyo gharama ya kwanza kupangia bajeti, kabla ya pazia. Ni njia ya uhakika ya kuzifuta nakala za zamani, na inakulinda hata mchana.

Leva ni vibati vya ndani ambavyo meno ya ufunguo lazima yavinyanyue kila kimoja kwa kimo chake ndipo ulimi wa kitasa uteleze. Robert Barron alikipatia hataza kitasa cha namna hiyo Uingereza mwaka 1778, na kanuni yake ndiyo iliyomo kwenye mlango wako. Leva zikizidi, tofauti kati ya ufunguo na ufunguo huzidi. Cha leva 2, cha shilingi 1,200 hadi 2,000, kinafaa mlango wa chumba cha ndani. Kwa mlango wa mbele nunua cha leva 3, cha shilingi 2,000 hadi 3,500. Kwa kulinganisha, vitasa vya milango ya nje vinavyokubalika Uingereza kwa kiwango cha BS 3621 kwa kawaida huwa vya leva 5.

Dukani, tazama namba iliyogongwa kwenye ufunguo. Funguo mbili zenye chapa na namba moja hufungua kitasa kimoja. Kama wewe na jirani yako mnanunua siku moja, hakikisheni namba zenu ni tofauti. Na ng'oa kitasa cha zamani uende nacho, kwa sababu kwenye mlango wa chuma nafasi ya kitasa imeshakatwa, na kikizidi kidogo itabidi mlango ukatwe upya.

Kumbuka kwamba kitasa kipya bado kina tundu la kupenya. Kukibadilisha hakuondoi haja ya waya.

Kitasa cha silinda: shilingi 1,800 hadi 3,500

Hapa ufunguo ni bapa, na tundu la nje halionani na la ndani. Waya wala koleo havipati pa kushika. Silinda ikichoka au ufunguo ukipotea, unabadilisha silinda peke yake kwa shilingi 600 hadi 1,500 bila kugusa kitasa. Kwa anayehama mara kwa mara, hiyo ni akiba.

Ipo silinda yenye kitufe cha kuzungusha kwa ndani mahali pa ufunguo. Kwa moto ni nzuri mno, lakini kwa mlango wenye kioo ni hatari, kwani mkono unaopita kioo unakuta kitufe kinaungoja. Udhaifu mwingine ni silinda inayochomoza nje ya bati la mlango. Ikikamatwa kwa koleo kubwa inaweza kuvunjwa katikati. Nunua ya urefu unaolingana na unene wa mlango, isichomoze.

Kufuli: shilingi 300 hadi 1,500

Ploti nyingi zina mlango wenye tundu la kupitishia mkono ili kufuli ifungwe ndani au nje. Mchana, kufuli nzuri juu ya kitasa ni nyongeza ya maana. Usiku, kufuli iliyofungwa kwa ndani na ufunguo ukawekwa "mahali salama" ndiyo njia inayonitia hofu kuliko zote.

Sisemi hivyo kutisha watu. Machi 2001, moto uliteketeza bweni katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, na wanafunzi 67 wakafa. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mlango uliofungwa vizuri dhidi ya wa nje unaweza kuwa umefungwa vizuri zaidi dhidi ya wa ndani.

Vipo pia vitasa vya kielektroniki, ambavyo huanzia karibu shilingi 8,000. Vinahitaji betri, vinahitaji mlango mnyoofu, na mpangaji haondoki na mlango. Waachie wenye nyumba zao.

Mtihani wa giza

Chochote utakachochagua, kipitishe kwenye mtihani huu. Zima taa. Funga macho. Kwa mkono mmoja, kana kwamba mwingine umembeba mtoto, toka nje. Ukivuka sekunde kumi, rekebisha. Waya wangu hutoka kwa kuunyanyua tu, na hilo ndilo lililoniamulia kwamba unafaa. Mfundishe kila anayelala humo, hata mgeni wa usiku mmoja.

Nani anunue nini

Mwanafunzi wa bedsita anayehama kila mwaka: zungusha ufunguo robo, ongeza waya wa 80. Kama una kioo karibu na kitasa, ongeza komeo la 200 na kazi ya 200. Jumla ni shilingi 480, na waya utahama nao ukipata hendeli inayofanana.

Familia inayoingia nyumba iliyotumika: kitasa cha leva 3 kwa 2,500, fundi 400, waya 80. Jumla 2,980. Zungumza na mwenye nyumba kabla, mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu. Hifadhi kitasa cha zamani, ukihama ukirudishe na uondoke na chako.

Mwenye nyumba yake katika mtaa kama Ngoingwa au Membley: kitasa cha silinda isiyochomoza, na komeo la kuchomelea mbali na kioo.

Kama leo unaweza kufanya kimoja tu, na mlango wako ni wa leva, chukua ufunguo wako na kamba ya kupimia umpelekee fundi wa karibu. Na nyote mnaopangisha, nawasihi: kabla ya kumkabidhi mpangaji mpya ufunguo, badilisheni kitasa. Amelipa kodi na amana. Anastahili kuwa mtu pekee anayeweza kuufungua mlango wake.