Maskini Yupi? Sifa za Kihispania Zenye Maana Zaidi ya Moja



Mwaka huu tumeona tuandike juu ya lugha ambayo hatuifundishi hapa madrasani, nayo ni Kihispania. Huenda mtu akauliza, Kihispania na madrasa wapi na wapi? Tunaomba subira, in shaa Allah sababu itaonekana.

Kijana wetu mmoja aliyesoma hapa miaka ya nyuma sasa anatembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja. Wageni wake wengi wanatoka Hispania, na lugha yao amejifunza mwenyewe kwa daftari: upande huu neno, upande ule maana yake, neno moja maana moja. Ndivyo tulivyomfundisha Kiarabu sisi wenyewe. Siku moja mzee mmoja katika msafara wake alimwinua mtoto aliyeanguka njiani akampangusa vumbi. Kijana akataka kumwambia, "Wewe ni mtu mwema." Daftari lake linasema bueno ni "mwema". Basi akasema, "Usted está bueno." Msafara mzima ukaangua kicheko, na mke wa mzee akacheka kuliko wote. Ilikuwa aseme "es bueno". Ukiweka está, Wahispania mitaani huelewa kwamba unasifu umbo la mtu, kwa namna ambayo jarida hili haliwezi kuieleza zaidi.

Kosa lilikuwa wapi? Kihispania kina vitenzi viwili mahali ambapo sisi tunaweka "ni". Kimoja ni ser, ambacho hapa huwa es, nacho hueleza kitu ni cha namna gani. Cha pili ni estar, ambacho huwa está, nacho hueleza kitu kiko katika hali gani. Sifa ni ile ile, lakini ikibadilisha kitenzi hubadilisha na maana. Mtu akiwa es listo ni mwerevu, akiwa está listo yuko tayari. Es malo ni mtu mbaya, está malo ni mgonjwa, na chakula kikiwa está malo kimeharibika, usikile. Es rico ni tajiri, lakini pilau ikiwa está rico, basi ni tamu na mpishi anapongezwa. Embe likiwa está verde ni bichi, ingawa verde katika kamusi ni rangi ya kijani. Es vivo ni mtu mchangamfu au mjanja, está vivo maana yake yu hai.

Wapo wanaofupisha kanuni hii kwa kusema kwamba es ni ya kudumu na está ni ya kupita. Ufupisho huo usiutegemee sana, kwani hata maiti husemwa está muerto, na hapa duniani hatujui hali iliyodumu kuliko hiyo.

Jambo la pili ni mahali sifa inapokaa. Wanafunzi wa nahau wanajua kwamba katika Kiarabu naati humfuata manuuti wake. Kihispania nacho mara nyingi huweka sifa baada ya jina, kama Kiswahili chetu. Lakini zipo sifa zinazoweza kutangulia, na zikitangulia husema jambo jingine. Hombre grande ni mtu mwenye mwili mkubwa, gran hombre ni mtu mwenye cheo au fadhila. Escuela antigua ni shule kongwe, na antigua escuela yaweza kuwa shule niliyosoma zamani, hata kama ilijengwa juzi. Noticia cierta ni habari ya hakika, ilhali cierta noticia ni habari fulani tu. Hapo mwanafunzi asimame kidogo, maana kuchanganya habari fulani na habari ya hakika si jambo dogo.

Na hombre pobre ni mtu asiye na mali, lakini pobre hombre ni mtu wa kuhurumiwa, hata awe na majumba kumi. Msishangae. Sisi tunafanya hivyo hivyo kila siku bila kujua. Tukisema "mtu maskini" tunazungumzia mfuko wake. Tukisema "maskini, mtu yule!" tumemwonea huruma, labda amefiwa, na mali yake hatukuitaja.

Neno hili maskini ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho huko, ikaanguka mwaka 1492. Katika karne hizo maneno mengi ya Kiarabu yaliingia katika Kihispania: sukari ni azúcar, mafuta ni aceite kutokana na zayt, na kadhi akawa alcalde, ambaye leo ni meya wa mji. Sifa zilizoingia ni chache, na mojawapo ni mezquino, yaani miskin wa Kiarabu, ndugu wa damu wa maskini wetu. Zamani mezquino alikuwa mhitaji. Polepole unyonge wa mali ukahamishiwa kwenye unyonge wa moyo, na leo ukimwita Mhispania mezquino umemwambia ni bahili, mtu mwenye roho ndogo. Yule aliyestahili kupewa amegeuka kuwa yule anayenyima! Kijana wetu angelifananisha neno hilo na la kwao akalitumia kwa huruma, angeondoka na matusi.

Zipo nyingine. Baladí, yaani cha nchini, leo ni kitu kisicho na maana, kama vile baadhi yetu tunavyosema "kienyeji" kwa kudharau, ingawa kuku wa kienyeji tunamgombania. Horro ni huru, na zamani alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, lakini wafugaji humwita hivyo ng'ombe asiye na mimba.

Sasa turudi nyumbani. Katika mtihani wa tafsiri tuliwauliza wanafunzi tofauti ya fukara na maskini katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, inayotaja wanaopewa zaka. Karatasi nyingi zilijibu kwamba hakuna tofauti, na lawama ni yetu, kwani kwenye ubao tuliandika maana moja kwa yote mawili. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu pwani hii tunayafuata, fakiri ni yule ambaye hana kitu, au alicho nacho hakifikii popote katika haja zake. Maskini anacho, ila hakimtoshi. Imam Abu Hanifa ameyageuza, kwake maskini ndiye mwenye hali ngumu zaidi. Miongoni mwa hoja za Mashafi ni aya ya 79 ya Suratul Kahf, ambamo wenye jahazi wanaofanya kazi baharini wameitwa masakini. Walikuwa na chombo chao, na bado waliitwa hivyo.

Mzazi anayetafuta maskini wa kumpa zaka na kichwani ana ombaomba wa mlango wa msikiti peke yake, atampita mvuvi jirani yake mwenye ngalawa, ambaye samaki wa leo wameisha kwa unga wa leo na ada ya watoto bado. Wallahu aalam.