Kugawa Mzigo Miongoni mwa Kompyuta: Siri ya Kuchagua Kati ya Mbili

Siku matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, watahiniwa, wazazi na walimu huyatafuta kwa saa ileile kupitia mtandao wa intaneti. Kompyuta moja ya kutolea huduma, ambayo mafundi huiita seva, haiwezi kuwajibu wote. Kwa hiyo seva nyingi hupangwa pamoja, na mbele yake huwekwa chombo cha kupokea maombi na kuyagawa. Chombo hicho tutakiita kigawaji. Je, kiamue vipi ni seva ipi ipewe ombi lililofika sasa hivi?

Swali hili huonekana jepesi mpaka tutazame tabia ya foleni. Tuchukue seva iwezayo kujibu, kwa wastani, maombi 100 kwa sekunde, na tukubali kuwa maombi hufika bila mpango, kama wateja wafikavyo dukani, na kwamba mengine huchukua muda mrefu kuliko mengine. Nadharia ya foleni, ambayo A. K. Erlang wa Denmark aliianzishia msingi mwaka 1909 alipochunguza mawasiliano ya simu, hutupa hesabu hii: yakifika maombi 50 kwa sekunde, kila ombi hukaa kwa wastani sekunde 0.02 mpaka lijibiwe. Yakifika 90, sekunde 0.1, yakifika 99, sekunde 1 nzima. Mzigo haukufika hata maradufu, lakini muda umekuwa mara 50! Ndiyo maana seva moja iliyoelemewa huwatesa watu wake ilhali jirani yake imekaa bure.

Njia kongwe ya kugawa ni zamu: ombi la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa ya pili, na kadhalika. Hufaa pale maombi yote yanapokuwa na uzito mmoja. Lakini atakaye matokeo ya mtoto mmoja na atakaye orodha ya mkoa mzima hawafanani.

Basi msomaji atasema: ombi lipelekwe kwenye foleni fupi kuliko zote. Hapa ndipo busara ya kawaida hutupotosha. Huduma kubwa huwa na vigawaji vingi, na habari za foleni huvifikia zikiwa zimechelewa, japo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Vyote huiona seva ileile kuwa tupu, vyote huielekea, na kabla ya habari mpya kufika seva hiyo imekwisha kuzama. Kisha vyote huhamia nyingine. Aliyepata kuona umati ukilikimbilia dirisha jipya la tiketi ameliona jambo lenyewe.

Dawa yake inashangaza. Kigawaji kichague seva mbili kwa kubahatisha, kizilinganishe hizo mbili tu, na ombi kiipe ile yenye foleni fupi. Mwaka 1996 Michael Mitzenmacher, katika tasnifu yake ya udaktari huko Berkeley, Marekani, na kwa upande wao Vvedenskaya, Dobrushin na Karpelevich wa Urusi, walionyesha nguvu ya njia hii. Katika kundi kubwa la seva zinazotumia asilimia 90 ya uwezo wake, kubahatisha seva moja tu huziacha seva 59 katika kila 100 zikiwa na maombi matano au zaidi. Tukilinganisha mbili, ni chini ya 4 katika kila 100. Kuongeza seva ya tatu katika ulinganisho huleta nafuu, lakini ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kwanza. Binafsi nayajua matokeo machache ya hisabati yatoayo faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi. Programu ya NGINX, itumikayo sana katika kazi hii, iliingiziwa njia hiyo mwaka 2018.

Hata hivyo umebaki mtego mmoja. Seva iliyoharibika huweza kurudisha jibu la kosa upesi kuliko seva nzima irudishavyo jibu la kweli. Foleni yake basi huwa fupi daima, nayo huzidi kupendelewa, ikiyameza maombi ya watu bila kumpa yeyote matokeo yake. Kwa sababu hiyo mafundi huipima kila seva kila baada ya sekunde chache kwa swali ambalo jibu lake linajulikana, na ikikosea mara kadhaa mfululizo huondolewa kundini mpaka itengenezwe.