Mwanafunzi wa uuguzi, usinukuu makala usiyoisoma

Wanafunzi wa uuguzi wanapotakiwa kuandika utafiti wengi wao hukwama mapema. Mada wanayo, tuseme usafi wa mikono kwa wauguzi wa wodini, ila hawajui makala za kitaalamu wazipate wapi. Matokeo yake hunakili rejea kutoka kazi ya mwenzao aliyemaliza mwaka jana. Jambo hili lina hatari zaidi ya kukosa alama.

Tuanze na kutafuta. PubMed, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iko wazi bila malipo tangu mwaka 1997. Usiiandikie sentensi nzima kana kwamba unamuuliza mtu. Chagua maneno mawili matatu ya Kiingereza yanayobeba mada yako, uyaunganishe kwa AND. Majina tofauti ya kitu kimoja yaunganishe kwa OR. Mara nyingi utapata muhtasari tu. Makala kamili itafute PubMed Central, au kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002 kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo. Namna ya kuingia muulize mkutubi wa chuo chako. (Wapo wanaohitimu bila hata kumsalimia!) Tafiti za Afrika utazipata pia African Journals Online.

Ukishaipata, isome. Chukua makala ya Didier Pittet na wenzake katika jarida la Lancet, mwaka 2000. Katika hospitali moja ya Geneva, wahudumu kuzingatia usafi wa mikono kulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Aliyenakili kwa mwenzake ataandika kuwa ni sabuni na maji. Aliyesoma ataona kuwa kunawa kwa sabuni hakukuongezeka. Kilichoongezeka ni kupaka dawa ya kuua vijidudu iliyowekwa karibu na kitanda. Kwa wodi yenye bomba moja, tofauti hiyo si ndogo.

Jambo jingine, hakikisha makala haijafutwa. Mwaka 1998 Lancet hiyo hiyo ilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida likaifuta rasmi. Mwanafunzi anayeinukuu leo kama ushahidi ndiye kesho atakayeulizwa na mama kliniki: nimchanje mtoto au nisimchanje? PubMed huweka tangazo kwenye ukurasa wa makala iliyofutwa. Ni kulitazama tu.

Kuhusu kuandika rejea, fuata mtindo wa chuo chako. Vancouver hutumia namba, APA hutumia jina na mwaka. Yote huhitaji waandishi, mwaka, kichwa cha makala, jarida, juzuu na kurasa. Yaandike siku ile ile unayosoma, si usiku wa kuamkia kukabidhi kazi. Programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, itakupangia, lakini kagua majina ya waandishi mwenyewe, kwani wakati mwingine huyachukua yakiwa yamekosewa.