Hisa ya KenGen ni rahisi? Rahisi ukilinganisha na nini?

Wadau, mjadala wa kuuza mali ya umma ukizuka tu, mmoja anasema hisa ya KenGen ni ya bure. Mwingine anamjibu: 2006 wananchi waliinunua 11.90, leo imekufa. Wote wawili wanaangalia bei peke yake.

Gawanya bei kwa faida ya hisa moja. Mwaka ulioishia Juni 2024 faida ilikuwa kama bilioni 6.8, hisa kama bilioni 6.6. Shilingi moja na kitu kwa kila hisa. Bei sokoni wakati huo haikufika 3. Kwa hiyo unalipia faida ya chini ya miaka mitatu (kwenye karatasi, maana gawio si faida yote).

Lakini namba hii haikai. Maji ya Tana yakipungua kule Masinga, umeme wa maji unashuka na faida inaweza kushuka nayo. Bei ikibaki palepale, hisa inaonekana ghali na hakuna aliyeigusa. Mvua ikirudi, rahisi tena. Mvua hiyohiyo huku Garsen inatuhamisha, ila hilo halimo kwenye hesabu. Mimi huchukua wastani wa faida ya miaka 5.

Na ile 11.90? Mwaka 2016 hisa ziliongezwa kutoka bilioni 2.2 hadi zaidi ya 6. Faida inagawanywa vipande vingi zaidi, kwa hiyo bei hizo mbili hazilingani.

Serikali inashika 70%. Mtu akisema ziuzwe kwa bei ya soko, muulize amepigia hesabu faida ya mwaka gani.