Picha za Setilaiti ni za Umma: Jinsi Mkazi wa Kiogoro Anavyoweza Kuzipata na Kuzitumia

Kila baada ya siku chache, karibu saa tano asubuhi, setilaiti hupita juu ya Kaunti ya Kisii na kupiga picha ya vilima, mabonde na mashamba yake yote. Picha hizo hazijafungiwa katika ofisi yoyote. Mkazi wa wadi ya Kiogoro mwenye simu ya intaneti, au anayeweza kufika saiba, anaruhusiwa kuzitazama na kuzihifadhi bila kulipa, sawa na mtafiti wa chuo kikuu au afisa wa wizara. Makala haya yanaeleza picha hizo zinatoka wapi, zinaweza kumsaidia nini mkazi, na ni wapi hazifai kutegemewa.

Kwa nini ni bure

Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat mwezi Julai 1972. Kwa miaka mingi, aliyetaka picha zake alizinunua, na wakati mmoja picha moja iligharimu mamia ya dola. Wachache ndio waliomudu. Mwaka 2001, ambao mauzo yalikuwa makubwa, ziliuzwa takriban picha 25,000 duniani kote. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa bure, kwa kuwa setilaiti zenyewe zilikuwa zimekwisha kulipiwa na kodi za wananchi. Muda mfupi baadaye, picha zilizochukuliwa kwa mwaka mmoja zilipita milioni moja.

Umoja wa Ulaya ulifuata njia hiyo hiyo na setilaiti zake ziitwazo Sentinel. Kenya nayo si mgeni katika kazi hii. Tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti ya utafiti wa nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya taifa. Vipimo vyake vilitoa orodha ya vyanzo 339 vya miale ya eksirei angani, nayo ilichapishwa wanasayansi wa nchi zote waitumie. Tarehe 15 Aprili 2023, Shirika la Anga la Kenya lilishuhudia kurushwa kwa Taifa-1, setilaiti iliyoundwa kwa ajili ya kuitazama ardhi.

Zinaonyesha nini Kiogoro

Picha ya Sentinel-2 imeundwa kwa vidoti, na kila kidoti kinafunika eneo la mita 10 kwa mita 10. Cha Landsat ni mita 30 kwa mita 30. Familia nyingi huku zinalima mashamba madogo. Shamba la robo ekari, yaani takriban mita 1,000 za mraba, litaonekana kama vidoti kumi katika Sentinel-2, na kama kidoti kimoja tu katika Landsat. Ndizi, mahindi na nepia zilizopandwa pamoja zitachanganyika kuwa rangi moja. Mtu, ng'ombe au mti mmoja hauonekani kabisa.

Kwa hiyo manufaa yake makubwa ni katika mambo ya kijiji kizima. Landsat imekuwa ikipiga picha za kiwango cha mita 30 tangu miaka ya 1980. Wazee wakisema bonde fulani lilikuwa na kinamasi kabla mikaratusi haijapandwa, kikundi cha maji kinaweza kulinganisha picha za zamani na za sasa na kuona ardhi oevu ilikuwa na upana gani na miti imeenea kiasi gani. Hoja ya namna hiyo ina uzito katika kikao cha ushirikishwaji wa umma, kwa sababu kila aliyehudhuria anaweza kuifungua picha ile ile na kujionea.

Jambo la pili ni mteremko. Mwezi Februari 2000, chombo cha anga cha Endeavour kilipima kwa rada mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia. Vipimo hivyo, vya mita 30, sasa ni vya umma. Kutokana navyo mtaalamu anaweza kuchora ramani ya miteremko mikali, ambako maporomoko ya ardhi yanahofiwa zaidi mvua inapozidi. Ramani hiyo haitabiri siku ya maporomoko, lakini huonyesha mahali pa kukaguliwa kwanza kabla ya kuchimba msingi wa nyumba au kukata barabara.

La tatu ni mvua. Mkusanyiko uitwao CHIRPS huunganisha vipimo vya setilaiti na vya vituo vya ardhini, kuanzia mwaka 1981, kwa miraba ya takriban kilomita tano. Baadhi ya bima za mazao nchini hutegemea vipimo vya mvua vya setilaiti kuamua nani atalipwa fidia. Mkulima anayekata bima ya aina hiyo aulize mapema ni vipimo gani vinavyotumika, na mraba wake unafunika vijiji gani. Akikosa fidia, atajua pa kuanzia kuuliza. Utabiri wa mvua ijayo unabaki kuwa kazi ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa.

Tatizo la mawingu

Kisii hupata mvua nyingi, kwa kawaida zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mawingu hufunika vilima mara kwa mara. Kamera haioni chini ya wingu. Picha za wiki kadhaa zinaweza kuwa nyeupe tupu, na kwa miaka ya zamani huenda isipatikane picha safi ya kila mwaka. Unapotafuta, anza na miezi ya kiangazi ya Januari na Februari. Njia nyingine ni Sentinel-1, inayotumia rada. Rada hupenya mawingu na hufanya kazi hata usiku, na ni nzuri kwa kuonyesha maji yaliyotuama, ingawa picha yake haina rangi za kawaida.

Zisitumike kuamua mpaka wa shamba

Hapa wakazi wawe waangalifu. Ugomvi wa ndugu au majirani kuhusu mpaka mara nyingi ni wa hatua mbili tatu. Kidoti cha mita 10 hakiwezi kuonyesha kigingi kimesogezwa mita moja. Mtu akikuuzia "ripoti ya setilaiti" ya kuthibitisha mpaka kwa picha hizi za bure, usimpe pesa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, na mahakama haiusikilizi kabla ya mpaka kubainishwa kwa utaratibu huo.

Jinsi ya kuzipata

- Picha za Sentinel ziko katika tovuti ya Copernicus Browser.
- Picha za Landsat na vipimo vya mwinuko viko katika EarthExplorer ya Marekani.
- Ramani za Digital Earth Africa zimeandaliwa mahsusi kwa bara letu na ni rahisi kwa anayeanza.
- Kwa mafunzo na ushauri wa kitaalamu, kuna kituo cha kikanda cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975.

Kupakua faili huenda kukahitaji kujisajili kwa baruapepe, na usajili huo haulipiwi. Faili moja kamili inaweza kukaribia gigabaiti moja na kumaliza bando lako, hivyo itazame picha mtandaoni kwanza, kisha uhifadhi sehemu unayohitaji tu. Andika tarehe ya picha na jina la setilaiti, ili mwingine aweze kuihakiki. Malipo pekee ni ya intaneti au ya mhudumu wa saiba kwa muda wake.

Taarifa zilizo ofisini

Ramani au ripoti ikiwa imetengenezwa na ofisi ya umma, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuiomba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na hulazimiki kueleza sababu. Asiyeweza kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika ombi hilo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ila unaweza kutozwa gharama ya nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.