Mlezi wa timu ya shule: kiungo kati ya shamba la mkulima na chakula cha mwanafunzi

Katika vijiji vingi vya kanda ya kati, mjadala kuhusu chakula cha mchana shuleni huanza Januari, mwezi mgumu kuliko yote kwa jambo hilo. Shule zimefunguliwa, wazazi wameitwa mkutanoni na wanaombwa kuchangia mahindi na maharage wakati vihenge vimekaribia kuisha na bei sokoni imepanda. Wachache hutoa, wengine huomba wapewe muda, na kabla ya Machi jiko la shule limepoa. Miezi sita au saba iliyotangulia, kijiji hichohicho kilikuwa kimejaa mahindi, na wafanyabiashara walikuwa wakiyapakia kwenye malori kwa bei ya chini ya msimu wa mavuno.

Mwenye kulipia pengo hilo ni mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula na anayetakiwa kufuatilia somo la Hisabati saa saba mchana. Mpango wa kuunganisha shamba na shule unakusudia kuliziba pengo hilo kwa shule kupata chakula chake moja kwa moja kwa wakulima wa eneo lake, kwa wakati unaofaa na kwa utaratibu unaojulikana kwa wote. Maelekezo ya jumla yapo. Upo mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu msingi, na suala la chakula shuleni linafuatiliwa pia kupitia mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa hutia saini. Kinachopungua katika shule nyingi ni kundi dogo la watu wanaoweza kugeuza maelekezo hayo kuwa hesabu ya magunia, tarehe na majina, na mtu wa kulisindikiza kundi hilo mpaka lizoee kazi yake.

Wazo la shule kushikamana na shamba si geni nchini. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere Machi 1967, iliitaka kila shule iwe na shamba au karakana na izalishe sehemu ya mahitaji yake. Wazee wengi wa leo walishika jembe wakiwa darasa la tatu. Pamoja na hayo, hesabu inaonesha kuwa shamba la shule peke yake halitoshi, na timu nyingi hukwama kwa sababu hazijawahi kukaa chini kupiga hesabu hiyo.

Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 400. Iwapo kila mmoja atapangiwa gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku, jiko litahitaji kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharage kila siku ya masomo. Kwa mwaka wenye siku 194 za masomo, jumla ni kilo 11,640 za mahindi, yaani takriban magunia 117 ya kilo mia, na magunia 31 ya maharage. Mkulima mdogo anayevuna magunia sita kwa ekari angehitaji karibu ekari 20 za mahindi kulisha shule hiyo. Ni shule chache za kijiji zenye ardhi kiasi hicho, na hata zikiwa nayo, kuipalilia kungewatoa watoto darasani. Shamba la shule lina kazi yake, ambayo ni kufundishia na kutoa mboga, mapapai na viazi lishe vya kuongeza ubora wa mlo. Nafaka lazima itoke kwa wakulima.

Hesabu hiyohiyo ikigawanywa kwa mtoto mmoja, hofu hupungua. Mtoto mmoja anahitaji takriban kilo 29 za mahindi na kilo 8 za maharage kwa mwaka mzima. Mzazi anayesikia magunia 117 huona ni mzigo wa serikali, lakini akitajiwa kilo 29 huona ni kama debe moja na nusu, kiasi anachoweza kukitenga wakati wa kuvuna. Kuwasaidia wanatimu kuifikia hesabu hii wao wenyewe, kwa idadi halisi ya wanafunzi wao, ndiyo kazi ya kwanza ya mlezi.

Mlezi ni nani? Anaweza kuwa afisa lishe wa halmashauri, afisa ugani wa kata, afisa elimu kata au mwalimu mstaafu mwenye uzoefu. Cheo si hoja kubwa. Kinachotakiwa ni mtu asiye mkaguzi wa shule hiyo, anayerudi mara kwa mara kwa muda wa angalau mwaka mmoja wa masomo, na anayeuliza maswali zaidi ya kutoa amri. Semina ya siku mbili mjini, yenye makabrasha na posho, huishia kwenye makabrasha. Ugumu huanza timu inaporudi kijijini na kukuta ghala linavuja, na hapo ndipo mlezi anapohitajika.

Utaratibu huu umejaribiwa kwa muda mrefu katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Tangu 2010, taasisi ya mafunzo iitwayo Northeast Farm to School Institute imekuwa ikizipokea timu za shule katika shamba la elimu la Shelburne Farms wakati wa likizo ya kiangazi. Shule haitumi mwalimu mmoja. Inatuma timu yenye kiongozi wa shule, walimu, wahusika wa jikoni na mwakilishi wa jamii, na timu hiyo hukaa pamoja siku kadhaa ikiandika mpango kazi wake. Kisha kila timu hupewa mlezi anayefuatana nayo mwaka mzima. Jambo la kuzingatia ni kwamba huko pia kalenda mbili hazikutani: bustani huzaa kwa wingi Julai na Agosti, wakati shule zimefungwa, na masomo yanapopamba moto ardhi imefunikwa na theluji. Timu hulazimika kupanga mapema nini kitahifadhiwa, nini kitagandishwa na mkulima gani ataweka viazi na karoti za majira ya baridi kwa ajili ya shule.

Kwa shule ya Tanzania, timu inayofaa haizidi watu wanane. Mwalimu mkuu yumo kwa kuwa ndiye mwenye dhamana. Mwenyekiti wa kamati ya shule yumo kwa niaba ya wazazi. Mtendaji wa kijiji huingia kwa sababu maazimio ya mkutano mkuu wa kijiji hupita kwake. Wakulima wawili, mmoja wao mwanamke, hueleza nini kinalimwa na lini. Mwalimu wa chakula hutunza kumbukumbu. Mpishi naye awemo, ingawa mara nyingi husahaulika kwa kuonekana hana elimu ya vikao. Bila yeye timu haijui kuwa maharage ya zamani hutumia kuni maradufu, kwamba yakilowekwa usiku huiva mapema, au kwamba idadi ya wanaokula siku ya gulio si sawa na idadi iliyoandikwa kwenye rejesta.

Mlezi anapoikutanisha timu kwa mara ya kwanza, humfaa kuchora kalenda mbili kwenye karatasi moja, ya shamba juu na ya shule chini. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, mavuno huanza Mei na bei huwa chini mpaka Agosti. Muhula wa kwanza huisha Juni na wa pili huanza Julai. Kwa hiyo mwezi wa kukusanya michango ya nafaka ni Juni au Julai, na chakula hicho ndicho kitakachotumika hadi mavuno yanayofuata. Mkutano wa wazazi unapaswa kufanyika Machi au Aprili, mahindi yakiwa bado shambani, ili kila kaya ijue kiasi itakachotenga. Kuhamisha mkutano mmoja kutoka Januari kwenda Aprili hakugharimu fedha, lakini timu nyingi hazifanyi hivyo mpaka zione kalenda hizo mbili zimewekwa pamoja.

Nafaka ya nyongeza hununuliwa kwa vikundi vya wakulima au chama cha ushirika cha msingi. Pale fedha za umma zinapotumika, ununuzi hupitia mfumo wa NeST, hivyo kikundi kinachotaka kuiuzia shule kinapaswa kusajiliwa mapema, si siku gunia linapohitajika. Mlezi huisaidia timu pia kuacha kupima kwa debe na kutumia mizani. Gunia la lumbesa limewanyonya wakulima kwa miaka mingi, na shule ikilipokea kama gunia moja inakuwa mshiriki wa unyonyaji huo. Mkulima aliyelipwa kwa kilo na kwa tarehe aliyoahidiwa huleta tena mwaka unaofuata. Aliyezungushwa miezi minne hupeleka kwa mfanyabiashara mwenye lori, na hakuna wa kumlaumu.

Katika usalama wa chakula hakuna nafasi ya kubahatisha. Mwaka 2016, watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki dunia. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Mahindi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Kata yenye kipima unyevu itakitumia. Isiyo nacho inaweza kufanya jaribio la chumvi kama kichujio cha kwanza: chumvi kavu na mahindi hutiwa kwenye chupa kavu yenye mfuniko, hutikiswa na kuachwa kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yana unyevu unaozidi asilimia 15, basi yarudishwe juani. Jaribio hili halithibitishi kuwa mahindi ni salama, linaonesha tu yaliyo mabichi mno. Mahindi yenye ukungu, yaliyovunjika au yaliyobadilika rangi hutengwa kwa mkono, na hayapewi mifugo.

Baada ya kukaushwa, nafaka huwekwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia wadudu bila dawa, jambo la maana kwa chakula kitakachokaa miezi kumi. Adui mkubwa ni dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi humwita Skania na aliyegunduliwa nchini kwanza mkoani Tabora. Akiingia kwenye ghala lisilokaguliwa, gunia hugeuka unga kabla timu haijashtuka. Mlezi anayetembelea shule hufungua magunia mawili matatu na kutazama, ndipo aombe taarifa ya maandishi.

Suala gumu kuliko yote ni la mtoto ambaye mzazi wake hajachangia. Elimumsingi bila malipo ilianza kutekelezwa 2016, na mwanafunzi hapaswi kuondolewa shuleni kwa sababu ya mchango wa mzazi. Hata hivyo, kumwacha shuleni kisha akae chini ya mti akiwatazama wenzake wakila ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Mlezi hana mamlaka ya kuamua, lakini anaweza kuitaka timu iamue kabla ya Januari na siyo siku sufuria linapopakuliwa. Zipo njia. Baadhi ya kaya zinaweza kuchangia kuni, maji au siku za kazi katika bustani ya shule. Kijiji kinaweza kutenga mavuno ya shamba lake kwa ajili ya kaya zisizojiweza. Timu pia inaweza kuongeza sehemu ndogo katika makisio ya kila kaya, tangu mwanzo, ili kufidia zitakazoshindwa.

Upo mtihani mwingine ambao hauonekani kwenye mpango kazi wowote, nao ni uhamisho. Mwalimu mkuu mwenye ari huhamishwa, na mpango huondoka naye kwa kuwa makubaliano na wakulima yalikuwa kichwani mwake na namba zao za simu zilikuwa kwenye simu yake. Kwa hiyo, tangu mwezi wa kwanza, mlezi huhimiza daftari tatu: la mapokezi, la matumizi ya kila siku na la wakulima. Hutunzwa ofisini mwa shule, na nakala ya muhtasari wa kila mwezi hubandikwa ukutani pale wazazi wanapoweza kuisoma. Masalia ghalani huhesabiwa Juni na Desemba mbele ya watu wawili wa kamati, hupimwa kwa mizani na kutiwa saini. Kiongozi mpya akiripoti Januari, mpishi na mwenyekiti wa kamati humkabidhi daftari hizo pamoja na funguo za ghala.