Kioo cha Kuvutwa: Kutoka Ushanga wa Samesame hadi Vikandamizo vya Karatasi vya Ufaransa

Ushanga wa kioo uliobebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Lindi na Kilwa Kivinje kwenda bara, ambako leo ziko Nambilanje, Ruangwa na Nachingwea, una ndugu Ulaya: kikandamizo cha karatasi cha Kifaransa, bonge la kioo lenye maua ndani. Vyote viwili vimetokana na ufundi wa kuvuta kioo kingali cha moto.

Fundi huchota kioo cha rangi kilichoyeyuka, hukibonyeza katika kalibu ya chuma yenye umbo la nyota au ua, kisha hukivika kioo cha rangi nyingine. Watu wawili hukishika huku na huku wakaachana kwa haraka, nacho kikawa fimbo nyembamba ya mita kadhaa. Nyota haipotei, hupungua tu. Popote fimbo inapokatwa, nyota imo.

Kwa ushanga, mafundi wa Venice walitia tundu kwanza, wakavuta mrija, wakaukata vipande na kuvilainisha ncha kwa moto. Ushanga wa samesame, mwekundu nje na mweupe ndani, mpelelezi Mwingereza Richard Burton aliyeingia bara mwaka 1857 aliuweka katika shanga za bei kubwa. Lakini aliyeamua thamani ni mnunuzi wa bara: msafiri aliyefika na rangi isiyopendwa mahali hapo aliweza kukosa hata chakula.

Fimbo isiyo na tundu ndiyo ya kikandamizo. Pietro Bigaglia wa Venice alionyesha vyake Vienna mwaka 1845, na mara viwanda vya Ufaransa, yaani Baccarat, Saint-Louis na Clichy, vikampita. Vipande vya fimbo hupangwa kimoja kimoja, hupashwa moto, huokotwa kwa kioo laini chenye madini ya risasi, kisha hufunikwa kwa tabaka nyingine na kuviringwa kama kuba. Risasi huongeza uzito na mng'ao. Kuba hukuza maua. Kikipoozwa haraka hupasuka.

Baccarat ilificha humo herufi B na mwaka, hasa 1847 na 1848, pamoja na vivuli vya wanyama, tembo akiwemo. Clichy hujulikana kwa waridi lake. Mwaka ulioandikwa hautoshi kuthibitisha umri, kwani waigaji nao huuandika.

Kufikia 1860 hivi mtindo ulikuwa umepoa. Clichy ilimezwa na kiwanda cha Sèvres mwaka 1885. Baccarat na Saint-Louis zilirudia kazi hiyo katika miaka ya 1950.